Bima ya Afya Massachusetts: Usisubiri Uugue Ndipo Ujiandikishe

Sheria hii ni ipi?
Ni sheria ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliyotiwa saini na Gavana Mitt Romney tarehe 12 Aprili 2006. Inamtaka kila mtu mzima mwenye uwezo awe na bima ya afya. Mwenye kipato kidogo huingia MassHealth, bima ya serikali. Aliyezidi kidogo husaidiwa kulipa mchango wa kila mwezi.

Kwa nini taifa zima liliiga?
Kwa sababu chungu kilikaa juu ya mafiga matatu: kampuni ya bima isimkatae mgonjwa, kila mtu ajiunge, na asiyejiweza asaidiwe. Miaka ya 1990 Massachusetts ilikuwa na lile figa la kwanza bila mengine mawili. Wazima wakakaa pembeni, wagonjwa wakajiunga, mchango ukapanda hadi ukawashinda wengi. Sheria ya Rais Obama ya tarehe 23 Machi 2010 ilijengwa juu ya mafiga hayohayo matatu. Faini ya taifa kwa asiye na bima ilifanywa sifuri kuanzia 2019, lakini Massachusetts bado inatoza ya kwake.

Mimi ni mzima. Si nitajiandikisha nikiugua?
Hapana. Dirisha la kununua bima hufunguliwa Novemba, na halikai wazi hata miezi mitatu. Likishafungwa, unahitaji tukio linalotambuliwa: umeoa au kuolewa, umepata mtoto, umehamia jimboni, umepoteza bima ya kazini. Hapo una siku 60 tu. Kuugua si tukio. Uvimbe kwenye titi haufungui dirisha, wala figo kushindwa kazi. MassHealth ndiyo hupokea maombi mwaka mzima, kwa hiyo mwenye kipato kidogo hana sababu yoyote ya kungoja.

Lakini hospitali haziwezi kunifukuza, au siyo?
Kweli, tangu 1986 sheria ya taifa inailazimu idara ya dharura kukupima na kuituliza hali yako, uwe na bima au usiwe nayo. Kifua kikibana, uso ukipinda upande mmoja au mkono ukilegea ghafla, piga 911, namba ya dharura, papo hapo na usianze kuhesabu pesa. Ila bili itakufuata nyumbani. Na idara ya dharura haitibu presha ya miaka kumi. Inapokea kiharusi ambacho presha hiyo imeleta.

Nimekosa bima kwa miezi miwili. Nipunguze dozi ya insulini ili ifike?
Hapana, tafadhali, hapana! Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akichoma nusu dozi, damu yake hujaa asidi ndani ya siku chache, pengine saa chache. Anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Hiyo ni dharura ya kufa. Nenda kituo cha afya cha jamii kabla chupa haijaisha, uombe mtu wa kukujazia maombi ya bima siku hiyohiyo. Msaada huo ni bure.

Je, bima iliokoa maisha?
Ndiyo. Watafiti walilinganisha kaunti za Massachusetts na kaunti zinazofanana nazo za majimbo mengine: katika miaka minne baada ya mageuzi, vifo vya watu wazima walio chini ya miaka 65 vilipungua kwa asilimia 2.9. Gharama za matibabu ndizo hazikushuka, na mwaka 2012 jimbo lililazimika kutunga sheria nyingine ya kuzidhibiti.

Nina MassHealth tayari. Nimemaliza?
Hujamaliza. Kila mwaka bima hukaguliwa upya, na barua huja kwa anwani waliyonayo. Wengi huikuta chini ya rundo la matangazo ya maduka, bado imefungwa, siku ile duka la dawa linapowaambia bima imekatika. Ukihama nyumba, badilisha anwani wiki hiyohiyo. Barua ikifika, ifungue, tafuta tarehe ya mwisho, ambatisha hati za mshahara wanazotaka, itume, na ubaki na nakala.