Mtoto Aliyeshikwa na Jeshi Ana Miaka Mingapi?

Mwaka 2018 nilikaa kwenye benchi la mbao katika mahabusu moja ya kijeshi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kijana aliyekamatwa porini pamoja na wapiganaji watu wazima. Faili lake lilisema ana miaka 19. Nikamuuliza alizaliwa lini. "Sijue, papa," akasema, macho ameyaelekeza kwenye vidole vyake vya miguu.

Mimi ni mwanasheria wa ulinzi wa watoto, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni hiyo: kutafuta umri wa watoto wasioujua wenyewe. Watu wakisikia habari za watoto walioshikwa na jeshi hufikiria vipigo, njaa, na kulala sakafuni pamoja na watu wazima. Hayo yote yapo, nimeyaona. Lakini kila haki ya kumtoa mtoto mle ndani inaning'inia kwenye namba moja, na namba hiyo mara nyingi anaiandika askari aliyemkamata.

Kwa upande wa sheria, Kongo haina upungufu. Sheria ya mahakama za kijeshi ya Novemba 2002, kifungu cha 114, inasema mahakama hizo hazina mamlaka juu ya mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inampeleka mtoto mbele ya mahakama ya watoto, inasema aliye chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa kosa la jinai, na inamwekea anayeingiza mtoto jeshini kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mei 2013, Wizara ya Ulinzi na idara ya ujasusi, ANR, zilitoa maagizo kwamba watoto wanaoshikwa kwa kuwa na makundi yenye silaha wakabidhiwe kwa mashirika ya ulinzi wa watoto.

Sheria hizo zimekuja baada ya damu kumwagika. Wa rika langu tunawakumbuka kadogo, wale watoto waliobeba bunduki wakitembea na AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, kutoka huku mashariki hadi Kinshasa, Mei 1997. Agosti mwaka huohuo serikali mpya iliunda mahakama maalumu ya kijeshi ambayo hukumu zake hazikuwa na rufaa. Januari 2000 mahakama hiyo ilimhukumu kifo kadogo wa miaka 14, naye akauawa muda mfupi tu baada ya hukumu kusomwa. Kila nikikisoma kifungu cha 114 namfikiria yeye.

Sasa rudi kwenye benchi. Huyu kijana wangu alikuwa na kadi ya mpiga kura, na kadi ilisema 19. Kwa mwendesha mashtaka, mjadala uliishia hapo. Lakini anayeishi Kongo anajua kwamba kadi ile ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku. Bila hiyo, kila kizuizi barabarani ni taabu. Vijana wengi wadogo hujiandikisha kwa umri wa uongo ili wapate tu cha kuonyesha. Zaidi ya hapo, makamanda huwafundisha watoto kusema "kumi na nane" kwa sababu wanajua watu wa Umoja wa Mataifa watauliza. Na wapo watu wazima wanaosema 17 wakitumaini kutoka. Hilo silifichi, ndiyo maana sitegemei jibu moja.

Daktari naye ana mipaka. Picha ya eksirei ya mifupa ya mkono au ya meno inaweza kupishana na umri halisi kwa miaka miwili au zaidi, na mtoto aliyekula vibaya porini mwili wake hausemi kweli. Mimi hutumia kalenda ya matukio. Nani alizaliwa kabla yako, nani baada yako? Vita vya Bukavu vya 2004 vilikukuta wapi? Watu walipopiga kura mwaka 2006, ulikuwa umeanza shule? Halafu naenda kuuliza maswali hayohayo kwa ndugu, kila mtu peke yake.

Mama yake nilimpata baada ya wiki mbili, anauza makala, yaani mkaa, sokoni. Sikumtajia miaka. Nilimwuliza kuhusu Nyiragongo, volkano iliyomwaga moto wake katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002. Akaacha kupima makala. "Ule mwaka ya volkano nilikuwa naye ku mugongo," akasema, "alikuwa hajasimama bado." Walivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, wakiwa hivyo. Shangazi yake, niliyemwona siku nyingine, alisimulia mgongo uleule na mtoto yuleyule asiyesimama.

Mtoto ambaye hajasimama Januari 2002 hawezi kuwa na miaka 19 mwaka 2018.

Niliweza kuifanya kazi hii kwa sababu mama alikuwa karibu. Mwaka 2015 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kuhusu watoto wasiopungua 29 waliokuwa katika gereza la kijeshi la Angenga, kaskazini-magharibi mwa nchi, wakidaiwa kuwa wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda. Kutoka Kivu hadi kule ni nchi nzima kuikata. Katika magereza yetu mfungwa hula anacholetewa na ndugu. Na ndugu huyohuyo ndiye shahidi wa umri wake. Ukimpeleka mtoto mbali umemnyima chakula na ushahidi kwa pamoja. Kwa hiyo nasema bila kupepesa: penye shaka, ahesabiwe kuwa mtoto, na anayemshikilia ndiye athibitishe vinginevyo. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa imelieleza hilo tangu zamani, na bado kila mara naanza upya.

Kijana alikabidhiwa baada ya wiki tano. Fomu ya makabidhiano ilitaka siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na ofisa akashika kalamu kuandika 1 Januari 2001, kama inavyoandikwa kwa kila asiyejulikana. Nikamwomba asiandike. Tulikuwa Oktoba, kwa tarehe hiyo ya kubuni, kijana angegeuka mtu mzima baada ya miezi mitatu, akiwa bado kwenye kituo cha watoto akitafutiwa njia ya kurudi nyumbani. Tulibishana karibu saa nzima. Mwishoni akaacha nafasi ya siku na mwezi wazi, na pembeni, kwa mkono wake, akaandika: hakuwa amesimama wakati wa volkano.