Kuhesabu samoni wanaotaga: sifuri na "sikuona" ni vitu viwili

Koho, samoni wa pwani ya Oregon huko Marekani, hupanda vijito kutaga kuanzia Oktoba hivi hadi Januari, kisha hufa. Hakuna siku ambayo wote wapo mtoni kwa pamoja: wa mwisho wako bado baharini, wa kwanza wameshaoza. Kwa hiyo kipande kilekile cha kijito, kama kilomita moja na nusu, hupitiwa kila baada ya siku 7 hadi 10.

Panda mto, usishuke. Samaki huelekeza kichwa mkondo unakotoka, hivyo unamjia kwa nyuma, na tope unalotibua linabaki nyuma yako. Vaa miwani ya polaroidi; bila hiyo utaona mng'aro tu. Anayekimbilia juu usimhesabu bado, mngoje akupite akishuka, la sivyo utamhesabu mara mbili. Chini ya magogo pekuapekua kwa fimbo. Dume mdogo aliyerudi mapema, chini ya sentimita 50, ana safu yake kwenye fomu.

Mzoga una habari kuliko samaki hai. Pima urefu, andika jinsia, kisha tazama pezi dogo la mafuta lililo kati ya pezi la mgongo na mkia: likiwa limekatwa, samaki huyo alitoka kituo cha kuzalishia. Pitisha kitambuzi cha metali puani. Kikilia, ndani mna kipande cha waya wenye namba, urefu wake milimita 1.1 tu, basi chukua pua nzima. Jike mpasue tumbo. Likijaa mayai, alikufa kabla ya kutaga. Ukimaliza kata mkia, ili wiki ijayo asihesabiwe tena, na mrudishe palepale, kwani kijito kinamhitaji.

Kwa stilhedi, ndugu wa samoni ambaye si lazima afe baada ya kutaga, tunahesabu viota: shimo, na upande wa chini yake tuta la kokoto safi zinazong'aa. Funga utepe wenye tarehe kwenye tawi lililo karibu, maana mwani wa kijani hurudi upesi juu ya kokoto na kiota kikapotea. Tuta likiwa upande wa juu wa shimo, shuku lampri, samaki mrefu kama mkunga anayebeba mawe kwa mdomo.

Kosa linaloharibu msimu mzima hutokea kwenye fomu. Mto ukichafuka hata sakafu haionekani, andika "haikupimika". Usiandike 0.

Tuchukue mfano. Kila baada ya siku 7 umeona koho 0, 12, 30, 18, 0. Kwa kila pengo, chukua wastani wa hesabu mbili uzidishe kwa siku 7: 42, 147, 168, 63. Jumla ni 420, nazo ni siku za samaki: samaki mmoja akikaa kijitoni siku moja, ni moja. Koho mmoja huishi kijitoni wastani wa siku 11 na kidogo. Gawa kwa 11.3, unapata samaki 37. Kama ile siku ya tatu, yenye hesabu ya 30, ilikuwa ya mafuriko na umeiacha wazi, mstari unaruka kutoka 12 hadi 18 na unapata 28. Ukiijaza 0, unapata 19.