Figo ya nguruwe wa jeni 10 haikuondolei vidonge

Wiki hii ni mgonjwa wa tatu kuniambia hivi. Mzee anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki kaniambia, "Daktari, mimi nasubiri ile ya nguruwe ya Marekani. Imeshabadilishwa jeni, mambo ya vidonge basi."

Si basi, mzee wangu. Vidonge vya kushusha kinga, ili mwili usiikatae figo, utavimeza kila siku kwa muda wote utakaokuwa nayo.

Nguruwe wa kawaida ana sukari fulani kwenye kuta za mishipa yake ya damu. Sisi hatuna, na kingamwili za kuishambulia tunazo tayari. Ukiunganisha figo yake ilivyo, inaweza kufa ndani ya dakika chache, mgonjwa akiwa bado mezani. Ndiyo maana kwa nguruwe wa jeni 10, yaani aliyefanyiwa mabadiliko 10 ya jeni, jeni 3 za sukari hizo huzimwa. Ya nne huzimwa ili kiungo kisiendelee kukua kama cha nguruwe. Nyingine 6 ni za binadamu, huongezwa ili kutuliza komplementi (protini za damu zinazoshambulia wageni), kuganda kwa damu na uvimbe unaoletwa na kinga. Kazi nzuri sana, lakini hapo umevuka mlango wa kwanza tu. Seli T, askari wa kinga ya mwili, bado zinaona protini za mgeni, na kinachozizuia ni dawa.

Mwulize Towana Looney, mgonjwa wa Marekani. Alipandikizwa figo ya aina hiyo New York Novemba 2024, ikafanya kazi siku 130. Akapata maambukizi, dawa za kushusha kinga zikapunguzwa ili apone, mwili ukaikataa figo. Ikatolewa Aprili 2025, akarudi kwenye mashine. Wagonjwa wangu hapa wenye figo za ndugu zao wanaruka dozi kwa sababu ya harusi! Weka kengele ya simu: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku.

Eti nguruwe yeyote wa bandani anafaa? Hata wale wa kufugwa ndani kwa ulinzi hawakukosa kasoro: moyo wa nguruwe aliowekewa mgonjwa David Bennett kule Maryland, Marekani, Januari 2022 ulikuja na kirusi cha nguruwe ambacho vipimo havikukiona.

Eti utageuka nguruwe? Jeni zake zinabaki kwenye figo. Valvu za moyo za nguruwe zimo vifuani mwa watu kwa miongo sasa, na sijasikia aliyekoroma kwa sababu hiyo.

Halali au haramu, muulize shehe wako. Mimi nitakuuliza kwa nini Jumatano hukuja kusafishwa.