Je, wajua kwa nini programu jasusi hubaki hata baada ya kufuta programu iliyoileta?

Mtu anapakua programu ya bure ya kugeuza video kuwa muziki, anaisakinisha, na siku hiyohiyo kivinjari chake kinaanza kufungukia ukurasa asioujua, matangazo yanachomoza hata kwenye tovuti zisizokuwa na matangazo, na kompyuta inakuwa nzito. Anaamua kuifuta programu ile, nayo inafutika bila taabu, lakini matangazo yanaendelea vilevile. Sababu ni kwamba faili alilopakua lilibeba programu mbili au zaidi, kila moja ikiwa na mmiliki wake, folda yake na jina lake mbele ya Windows. Kuifuta ya kwanza hakuzigusi zilizofuatana nayo, na miongoni mwa hizo ndimo huwamo programu jasusi, zile zinazokufuatilia na kukuletea matangazo bila kuziomba.

Nyuma ya msafara huo kuna biashara yenye bei zake. Anayetengeneza programu ya bure hana mauzo, lakini anacho kitu ambacho wengine wanakitamani sana, yaani watu wanaolifungua faili lake kwa hiari yao. Kampuni za kati humpa kisakinishi, yaani faili la kuiweka programu kwenye kompyuta, ambacho tayari kimejazwa “ofa”, yaani programu za wateja wao, kisha humlipa kwa kila kompyuta ambayo ofa hizo zimeingia. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2016, walikuta wenye ofa wakilipa kati ya senti 10 na dola 1.50 za Marekani kwa usakinishaji mmoja, na walikadiria kwamba mitandao hiyo ilisababisha majaribio ya upakuaji zaidi ya milioni 60 kila wiki, karibu mara tatu ya yale ya programu hasidi za kawaida, zile za kudhuru kama virusi. Mwenye ofa hurudisha fedha zake kwa kuonyesha matangazo, kwa kuvuta utafutaji wako uelekee kwenye ukurasa wake, au kwa kuuza kumbukumbu za tovuti ulizotembelea. Faida yake inategemea kukaa muda mrefu, na ndiyo maana programu hizi huundwa tangu mwanzo ziwe ngumu kung’oka.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni Kazaa, programu ya kubadilishana muziki na filamu iliyotolewa mwaka 2001 na kupakuliwa mamia ya mamilioni ya mara. Ndani yake ilikuja Cydoor, iliyokuwa ikileta matangazo, pamoja na nyingine kadhaa. Watumiaji walipoligundua faili la Cydoor lililoitwa cd_clint.dll na kulifuta, Kazaa yenyewe iligoma kufunguka, kwa kuwa iliundwa kulitafuta faili hilo kila inapoanza. Wajuzi wakalazimika kutengeneza faili bandia lenye jina hilohilo, lisilofanya kazi yoyote, ili Kazaa iridhike. New.net, ambayo nayo ilisambazwa pamoja na Kazaa, ilijipachika katikati ya mnyororo ambao Windows hutumia kuwasiliana na mtandao, na mtu aliyefuta mafaili yake kwa mkono bila kuurekebisha mnyororo huo alijikuta hana intaneti kabisa.

Wenye programu hizo walijitetea kwamba mtumiaji alikubali masharti. Mwaka 2005 kampuni ya Marekani ya PC Pitstop ilionyesha thamani ya kukubali huko kwa kuweka, ndani ya masharti ya programu yake, kifungu kilichoahidi zawadi ya fedha kwa atakayeandika barua pepe kwa anwani iliyotajwa humo. Ilichukua miezi minne na upakuaji zaidi ya 3,000 hadi mtu mmoja alipoandika, naye akapewa dola 1,000. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na ya mtu anayejua anachokiridhia. Kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki kwenye ukurasa wa nne wa kisakinishi, kwa maoni yangu, hakifikii hata nusu ya kipimo hicho.

Wala jina kubwa la tovuti ya upakuaji si kinga. Mnamo Desemba 2011, Gordon Lyon, mtunzi wa Nmap, programu huria ya kuchunguza mitandao, alilalamika hadharani kwamba Download.com, tovuti maarufu ya kupakulia programu, ilikuwa imeifunga programu yake ndani ya kisakinishi kilichoongeza upau wa zana kwenye kivinjari na kubadilisha ukurasa wa mwanzo wa mtumiaji. Mwaka 2013 mradi wa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, uliondoa mafaili yake ya Windows kutoka tovuti ya upakuaji ya SourceForge kwa sababu zinazofanana na hizo. Ni salama zaidi kwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya mtengenezaji, na wakati wa kusakinisha kuchagua njia ya “custom” au “advanced” badala ya ile inayopendekezwa, kwa kuwa huko ndiko visanduku vya ofa huonekana na kuweza kuondolewa tiki.

Ikiwa imeshaingia, kazi ya kuitoa ina mpangilio wake, na mpangilio huo unatokana na mahali inapojificha. Kwanza kata intaneti, ili isipakue wenzake wakati unapoiwinda. Fungua orodha ya programu zilizosakinishwa na uipange kwa tarehe, si kwa jina; zilizoingia dakika ileile na ile uliyoipakua ndizo za kutiliwa shaka, hata kama zinajiita “msaidizi wa mfumo” au “kiongeza kasi”. Zifute kwa njia ya kawaida kabla ya kugusa mafaili yake, kwa sababu kisa cha New.net kinaonyesha kinachotokea mtu anapoanza kufuta folda ovyo. Baada ya hapo washa upya kompyuta katika hali salama (Safe Mode), ambamo Windows hufungua vitu vya lazima tu, na uikague kwa chombo cha kuaminika. Microsoft Defender imo ndani ya Windows tayari, na AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure na imetengenezwa mahususi kwa aina hii ya uchafu. Chombo kama hicho kipakue mapema, ikiwezekana kwa kompyuta nyingine, na usikubali kamwe kinachojitangaza kwenye dirisha linalochomoza na kudai kwamba kimeona virusi mia kadhaa. WinFixer, programu ya uongo ya kurekebisha kompyuta, ilisambazwa kwa vitisho vya namna hiyo, na mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani iliwafikisha wahusika mahakamani.

Wengi huishia hapo, na ndiyo maana tatizo hurudi baada ya wiki. Bado kuna sehemu nne za kukagua. Ya kwanza ni viendelezi vya kivinjari (extensions), yaani vijiprogramu vinavyoongezwa ndani yake, na ukikuta kivinjari kinasema “kinasimamiwa na shirika lako” ilhali kompyuta ni yako ya nyumbani, ujue kuna sera iliyopandikizwa ili kuzuia kiendelezi kisiondolewe. Ya pili ni kipanga kazi cha Windows (Task Scheduler), ambamo amri ndogo inaweza kuachwa ili kila siku, saa fulani, iipakue tena programu uliyoifuta. Ya tatu ni mpangilio wa proksi (proxy), yaani kompyuta ya kati kati yako na mtandao, unaoweza kupitisha mawasiliano yako yote kwa mtu mwingine. Ya nne ni vyeti vya dijitali, ambavyo kompyuta huvitumia kujua kama tovuti ni ya kweli, na hapa kuna funzo la Superfish, programu ya matangazo iliyowekwa kiwandani kwenye baadhi ya kompyuta za Lenovo zilizouzwa mwishoni mwa mwaka 2014. Iliweka cheti chake miongoni mwa vile ambavyo Windows inaviamini, ikaweza kufungua hata kurasa zilizosimbwa ili kupenyeza matangazo. Mtafiti Robert Graham alipoufichua ufunguo wa siri wa cheti hicho, ilibainika kuwa nywila iliyoulinda ilikuwa neno moja tu, “komodia”, na kwamba mhalifu yeyote kwenye Wi-Fi moja nawe angeweza kujifanya benki yako. Kuifuta Superfish hakukuondoa cheti hicho. Kilipaswa kuondolewa peke yake.

Kwenye simu, mlango mmoja mpana ni matoleo yasiyo rasmi ya WhatsApp, kama GBWhatsApp inayopendwa sana Tanzania na Kenya, ambayo hayapatikani Play Store na hivyo hupakuliwa popote. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky iliikuta programu hasidi ya Triada ndani ya toleo mojawapo la FMWhatsApp, nayo isiyo rasmi. Ikiwa programu ya simu inakataa kufutwa, kwanza iondolee mamlaka ya msimamizi wa kifaa na ruhusa ya huduma za ufikivu (accessibility) katika mipangilio, kisha ifute.

Hatari iliyo juu ya zote ni programu za kulipia zilizovunjwa ulinzi, zile ziitwazo kraki, pamoja na vifaa vya kuamsha Windows bila leseni. Maelekezo yake mara nyingi huanza kwa kukutaka uzime kinga ya kompyuta, na aliyeizima amekwisha kuondoa kitu pekee ambacho kingemwonya. Zinazoingia kwa njia hii mara nyingi hazihangaiki na matangazo: hukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyoithibitishia tovuti kwamba umeshaingia, huvituma kwa mhalifu aliyezisambaza kwa muda mfupi, na nyingine hujifuta zenyewe. Katika hali hiyo kusafisha kompyuta hakutoshi, na ni heri kusakinisha Windows upya kabisa. Nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, ukianza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote. Kisha, kwenye kila akaunti, chagua kutoka katika vifaa vyote, kwa sababu kidakuzi kilichoibwa kinaweza kuendelea kumwingiza mwizi hata baada ya nywila kubadilishwa.