Picha za Kale za Ajali na Mbio za Magari: Namna ya Kuzisoma

Picha za magari yaliyopinduka au kuparamia miti mwanzoni mwa karne ya 20 zinasambazwa sana kwenye simu na mitandao ya kijamii, mara nyingi zikichanganywa na picha za mbio za magari za miaka hiyo hiyo, na mara nyingi zaidi zikiwa na maelezo yasiyohusiana kabisa na kilichotokea. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi picha za kale tunaulizwa kila mara iwapo picha hizo ni za kweli. Nyingi ni za kweli. Hata hivyo, kila picha ya wakati ule ilitegemea kamera iliyotumika, kemikali zilizopakwa kwenye bamba la kioo lililotumika kama filamu, na saa ambayo mpiga picha alifika mahali pa tukio. Mtu asiyeyajua mambo hayo matatu anaweza kuitazama picha halali kabisa na bado akatoka na habari ya uongo.

Tuanze na saa ya kufika. Picha zinazoonyesha ajali ikiwa inatokea ni chache mno, kwa kuwa takriban zote zilipigwa baada ya tukio. Tarehe 17 Agosti 1896, Bridget Driscoll aligongwa na gari katika viwanja vya Crystal Palace, London, akawa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini Uingereza, na habari za kifo chake tunazipata katika maneno ya mashahidi waliohojiwa kwenye uchunguzi wa kifo. Tarehe 25 Februari 1899, gari aina ya Daimler lililokuwa likiteremka mlima wa Grove Hill, Harrow, lilivunjika gurudumu la nyuma baada ya breki kukazwa kwa nguvu. Dereva, Edwin Sewell, alikufa papo hapo, na abiria wake, Major James Richer, akafa siku chache baadaye. Picha ya ajali kama hiyo inatuonyesha mabaki tu, lakini mabaki nayo yana maneno yake. Magurudumu ya magari mengi ya wakati huo yalikuwa na spoku za mbao, breki zilikamata magurudumu ya nyuma peke yake, na vioo vya mbele, pale vilipokuwepo, vilikuwa vioo vya kawaida vinavyovunjika kwa vipande vyenye makali. Anayetazama picha ya gari lililolala ubavu barabarani na aanze kwenye magurudumu: spoku zilizokatika upande mmoja tu humwonyesha gari lilielemea wapi kabla ya kuanguka.

Mpiga picha wa habari alifika kwa treni, kwa baiskeli au kwa gari jingine, na kabla hajafika majeruhi walikwisha kuondolewa, pengine hata gari lilikwisha kuinuliwa na kusogezwa ili njia ipitike. Aliowakuta ni umati. Maktaba ya umma ya jiji la Boston, Marekani, inahifadhi kazi za Leslie Jones, aliyepigia picha gazeti la Boston Herald-Traveler kuanzia mwaka 1917 hadi 1956, na miongoni mwa picha zake kuna ajali nyingi za barabarani. Katika picha za aina hii, watu waliosimama kulizunguka gari mara nyingi wanaitazama kamera kuliko wanavyolitazama gari, na wengine wamejipanga kabisa. Kwa hiyo umati huo usichukuliwe kuwa ni ushahidi wa walioiona ajali ikitokea. Ni watu walioikuta, kama mpiga picha mwenyewe.

Vifaa navyo vilimbana. Kamera ya mwanahabari ilitumia bamba la kioo lililopakwa utando wa jelatini wenye chumvi za fedha, na kila baada ya picha moja ilimlazimu abadilishe au ageuze kishikio cha bamba. Aliyesimama kwenye kona ya barabara ya mashindano alikuwa na nafasi moja kwa kila gari, na akikosea alisubiri hadi gari hilo lirudi katika mzunguko uliofuata. Katika mbio za kutoka mji mmoja hadi mwingine, gari halikurudi kamwe.

Mbio za namna hiyo zilifikia ukomo wake tarehe 24 Mei 1903, siku ya mashindano ya Paris hadi Madrid. Magari yaliondoka Versailles, karibu na Paris, alfajiri, yakapita katika barabara zisizo na lami, kati ya watazamaji waliojazana pande zote mbili bila kizuizi. Fernand Gabriel, akiendesha gari la kampuni ya Mors, alifika Bordeaux kwa mwendo wa wastani wa takriban kilomita 105 kwa saa, na huko Bordeaux ndiko serikali ya Ufaransa ilikoyasimamisha mashindano kwa sababu ya wingi wa vifo. Marcel Renault alipata ajali karibu na Couhé-Vérac akijaribu kumpita mwenzake ndani ya wingu la vumbi, na akafariki bila kupata fahamu. Karibu na Libourne, gari la dereva Lorraine Barrow liliparamia mti. Fundi aliyekuwa ameketi pembeni yake, Pierre Rodez, alikufa hapo hapo, na Barrow mwenyewe akafariki baadaye kutokana na majeraha.

Vumbi hilo ndilo linalowapotosha watazamaji wengi wa leo. Katika picha za mbio za wakati ule, wingu jeupe lililo nyuma ya gari hudhaniwa kuwa moshi wa injini inayoungua, na nimewahi kuona maelezo ya picha yaliyotunga habari nzima ya moto juu ya dhana hiyo. Wingu la vumbi huanzia pale tairi linapogusa barabara, hutanda chini kwa chini, kisha hupanuka kwenda pande zote mbili za njia, ilhali moshi wa injini ungeanzia kwenye boneti au kwenye bomba la moshi. Katika Grand Prix ya kwanza ya Ufaransa, yaani mashindano makubwa ya magari, iliyofanyika karibu na Le Mans tarehe 26 na 27 Juni 1906 na ambayo mshindi wake alikuwa Ferenc Szisz akiendesha Renault, waandaaji walikwisha kuipaka barabara lami ili kuzuia vumbi, lakini kwa joto kali la siku zile lami ikayeyuka na kuwarukia madereva machoni. Nyuso zenye madoa meusi katika picha za mashindano yale zilitokana na lami hiyo pamoja na mafuta ya injini, wala si majeraha ya moto.

Sasa nije kwenye kamera yenyewe, ambayo ndiyo hasa inayowashangaza watu. Iko picha mashuhuri ya Jacques Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1894, aliyoipiga katika Grand Prix ya Ufaransa miaka michache kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, akiwa bado kijana mdogo. Gari lenye namba 6 linatoka katika fremu upande wa kulia, nusu yake imeshakatwa, na gurudumu lake la nyuma limekuwa umbo la yai lililoinama kwenda mbele, huku watazamaji na nguzo vikiwa vimeinama kwenda nyuma. Wengi wakiiona hudhani imechezewa kwa kompyuta, au kwamba gari lilikuwa likipinduka.

Gari halikuwa likipinduka. Shata ya kamera nyingi za habari, yaani sehemu inayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye bamba, ilikuwa pazia la kitambaa lililo mbele kabisa ya bamba, lenye upenyo mwembamba, na picha iliingia kidogo kidogo kadiri upenyo ule ulivyoshuka, kama mtu anayechungulia njia kupitia ufa wa mlango unaosogezwa. Kwa kuwa lenzi huitupa picha juu ya bamba kichwa chini, upenyo ukianzia juu hurekodi kwanza sehemu ya chini ya mandhari, yaani barabara na mahali tairi linapoigusa, kisha hupanda hadi kwenye vichwa vya watu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde. Upenyo ukichukua sehemu moja ya ishirini ya sekunde kuivuka sehemu ya bamba yenye gari, gari litakuwa limesogea zaidi ya mita moja kati ya kurekodiwa chini yake na kurekodiwa juu yake, na ndiyo maana gurudumu huonekana limelala mbele. Watazamaji wameinama nyuma kwa sababu Lartigue aliizungusha kamera kulifuata gari, kwa hiyo wao, waliokuwa wamesimama tuli, walisogea kwenye bamba kinyume cha gari. Katika picha nyingine, nguzo za pembeni zikiwa zimesimama wima na gurudumu pekee limeinama, hiyo ni dalili kwamba kamera ilishikwa bila kuzungushwa.

Picha hiyo hiyo inatufundisha jambo la maelezo ya picha. Kwa miaka mingi ilitambulishwa kuwa ni gari la kampuni ya Delage, hadi watafiti walipolitambua kuwa ni la kampuni ya Th. Schneider, likiendeshwa na René Croquet. Kama picha iliyotundikwa katika makumbusho makubwa ya dunia iliweza kukaa na jina lisilo lake, sioni kwa nini tuyaamini bila kuyahoji maelezo ya picha iliyotufikia kwa simu. Ningependa pia tumwangalie mtu wa pili ndani ya gari. Fundi alipanda pamoja na dereva katika mashindano haya makubwa hadi katikati ya miaka ya 1920, akipampu mafuta na kuangalia magari yanayokuja nyuma, lakini maelezo ya picha karibu kila mara humtaja dereva peke yake, hata pale wawili hao walipokufa pamoja. Kumtafuta na kumwandika jina ni kazi ya haki kabisa kwa yeyote anayeshughulikia picha hizi.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi. Mabamba ya wakati ule yaliitikia zaidi mwanga wa buluu, na hayakuitikia nyekundu. Magari ya mashindano yalipakwa rangi za nchi zao: gari la buluu la Ufaransa huonekana jeupe-jeupe, gari jekundu la Italia huonekana jeusi, na anga yenye mawingu hutoka tupu. Programu za simu zinazopaka rangi picha za kale hazilijui hilo, kwa hiyo hukisia, na matokeo yake yasitumike kutambua gari wala nchi yake.

Atakayebahatika kupata mabamba ya kioo ya aina hii katika sanduku la familia asiyaoshe kwa maji, kwa maana utando wa jelatini hulainika na kubanduka. Ayashike kingoni kwa mikono miwili, akiwa amevaa glavu za mpira zisizo na unga, ayafute vumbi upande wa kioo tu kwa brashi laini, na ayasimamishe kwa ubavu mrefu ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi badala ya kuyalaza moja juu ya jingine. Wafanyakazi wa mashirika ya picha, kama Agence Rol ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1904 na ambayo mkusanyiko wake sasa uko katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, waliandika namba, tarehe na mahali kwenye bamba lenyewe, na maandishi hayo mara nyingi husomeka kinyumenyume. Yanakiliwe yote kwa penseli juu ya bahasha kabla bamba halijaingizwa ndani, hata yale ambayo bado hayaeleweki.