Lori linafika deux heures au douze heures?

Majuzi mwanafunzi wangu wa darasa la jioni la Kifaransa alikaa Manyovu, mpakani mwa Kigoma na Burundi, saa 3 nzima, jua la utosi, na magunia yake ya dagaa, akimsubiri mteja kutoka Bujumbura. Mteja hakuchelewa hata kidogo. Alisema kwenye simu kwamba lori litakuwa mpakani à deux heures, na lilifika muda huohuo. Mama wa watu alisikia douze heures.

Mama huyu ni mzaliwa wa Ujiji, Kiha, lugha ya Waha iliyo jirani na Kirundi, hana. Mteja wake Kiswahili anacho, ila kikifika kwenye saa na pesa kinageuka Kifaransa ghafla. Wanaofanya biashara na Warundi na Wakongo wananielewa: mtu anapiga soga nawe kwa Kiswahili safi, ikija bei anahama lugha.

Deux ni mbili, douze ni kumi na mbili. Zikifuatwa na heures, deux nayo inavuta sauti ya z, kwa hiyo maneno yote mawili yanaishia sawasawa na tofauti inabaki kwenye irabu moja tu ya mwanzo. Ya douze ni u yetu hii ya kawaida. Ya deux haimo kabisa katika irabu zetu 5. Na sikio likikutana na sauti lisiyoijua halisemi "sijui". Linaitupa kwenye kapu la jirani na kuendelea na safari. Ndiyo maana mama hakuwa na shaka hata chembe. Angekuwa na shaka angeuliza.

Hapo ni sikio, bado saa zenyewe. Sisi tunahesabu tangu kuche, wao tangu usiku wa manane, kwa hiyo douze heures ya mchana ni saa sita yetu. Hili mama alilijua na akalipiga vizuri. Alichosahau ni kwamba saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa 1. Deux heures ya Bujumbura ni saa tisa alasiri ya Manyovu. Sikio likamla saa 2, mpaka ukamla 1. Na tumshukuru Mungu hakutafsiri neno kwa neno, maana hiyo douze aliyoisikia ingempeleka mpakani saa kumi na mbili jioni.

Kikao kilichofuata niliacha somo nililoandaa, tukashughulika na irabu hiyo. Jaribu na wewe hapo ulipo. Sema "eee" bila kukata pumzi, halafu kunja midomo taratibu kama unayepuliza chai ya moto, ulimi usiutikise. Sauti itakayotoka ndiyo ya deux. Sasa sema "iii" na midomo uikunje kama unapiga mluzi: hiyo ni u ya dessus, yaani juu, ambayo wengi wetu tunaisema sawa na ou ya dessous, chini. Ukiwa na trei za mayai kwenye boti ya mizigo utaona umuhimu wake.

Lakini kabla ya mdomo naanza na sikio. Nasimama nyuma ya darasa wasinione midomo, nasema neno moja, wao wanainua mkono: vidole viwili kwa deux, ngumi kwa douze. Hakuna anayeruhusiwa kusema kitu. Siku ya kwanza wanapata nusu, maana yake wanabahatisha. Baada ya vikao vitano sita, dakika 5 kila kikao, wengi hawakosi tena, na hapo ndipo nawaruhusu kutamka. Mtu asiyesikia tofauti ukimlazimisha kuitamka unamchosha bure, na wewe unachoka.

Mimi mwenyewe nilishaumbuka. Nilipomaliza chuo, Kifaransa nikiwa nimekisomea na cheti ninacho, jamaa mmoja wa mjini alinichukua nikamtafsirie Kibirizi, mwaloni hapa Kigoma. Kulikuwa na mama kutoka Kalemie, Kongo, na marobota ya vitenge. Tukasalimiana vizuri, nikajisikia mtu. Nikauliza bei.

"Septante-cinq, papa."

Nikaganda. Kwenye vitabu vyangu sabini na tano ni soixante-quinze, sitini na kumi na tano. Mama akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kama vile tatizo langu lilikuwa masikio. Kuli mmoja aliyejilaza kwenye mkokoteni wake akasema bila kuinuka, "Sabini na tano hiyo, mwalimu." Aliyenichukua hakunichukua tena.

Septante na nonante, sabini na tisini, ni namba za Kifaransa cha Ubelgiji. Wabelgiji walitawala Kongo mpaka 1960 na Burundi mpaka 1962, na namba zao zilibaki. Ufaransa wenyewe wanasema sitini-na-kumi na, kwa tisini, nne-mara-ishirini-na-kumi, jambo ambalo hata leo naona ni kuonea watoto. Vitabu nilivyosomea vilifuata Ufaransa. Ziwa letu la Tanganyika linafuata Ubelgiji. Kuli hakuwahi kukaa darasa la Kifaransa, ila neno septante alilisikia mara nyingi katika hali ambayo akikosea anapunjwa ujira. Huo mkazo darasani huwa hatuna.

Tukija kwenye Kiingereza, kila mzazi ananiuliza swali lilelile: mtoto kasoma sekondari miaka 4, karibu masomo yote kwa Kiingereza, mbona hawezi kumwelekeza mgeni njia ya hifadhi ya Gombe? Mwaka 1985 mtafiti wa Kanada, Merrill Swain, aliandika juu ya watoto wa nyumba za Kiingereza waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Kwa kusikia walikaribiana na watoto wa Kifaransa wenyewe. Kwa kusema na kuandika walibaki nyuma. Hoja yake ni kwamba kusikiliza peke yake hakutoshi, lazima mtu asukumwe atoe lugha mwenyewe, akwame, atafute njia ya kutokea.

Watoto wa Kanada angalau walikuwa wanaelewa. Wetu hata huko hatujafika, na nasema hivi nikijihesabu. Naandika ubaoni kwa Kiingereza, naeleza kwa Kiswahili ili waelewe, wananakili. Mkono umejaa Kiingereza, mdomo mkavu. Mtihani wenyewe wa kidato cha nne ni wa kuandika, kwa hiyo hakuna anayetudai mdomo. Na siku tukisema tufanye mazungumzo, tunauliza, "What is this?" huku kalamu tumeishika mkononi. Darasa zima linaiona kalamu! Swali ambalo muulizaji anajua jibu lake, na mjibuji anajua kwamba anajua, si mazungumzo, ni gwaride.

Siku hizi nauliza nisichokijua. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024, Mei hadi Agosti, nyumbani kwenu mliishije? Hapo kila mtu ana lake. Kijana mmoja, baba yake mvuvi, alianza kwa Kiingereza cha kuokoteza: kaka yake alikwenda Uvinza kutafuta kazi kwenye chumvi, wao wakala maharage mpaka wakayachukia. Nikatumia mbinu aliyoieneza Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand: unasimulia kisa kwa dakika 4, halafu unamsimulia mtu mwingine kisa kilekile kwa dakika 3, halafu wa tatu kwa dakika 2. Msikilizaji anabadilika kila mara ili usione aibu ya kurudia. Mara ya kwanza kijana alikuwa anatafuta hadi neno "beans". Mara ya tatu alikuwa anakimbia. Makosa yalikuwepo, "my brother he go", lakini yalikuwa yanatoka kwa mwendo wa mtu anayeongea na si wa mtu anayevuka mto kwa mawe.

Je, nilimsahihisha? Moja tu, hilo la "go", na baada ya kumaliza. Nikimkatiza kila sentensi atajifunza kunyamaza. Wenzangu wengine shuleni wananiona nalea uzembe, na wana hoja, kwa sababu kosa likiachwa miaka linagandamana. Ila sijaona mtu aliyesahihishwa kimya chake.

Waha nao wana utajiri wasiouhesabu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, kiasi kwamba Mwaha wa Buhigwe na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Hatari yake ni kubweteka: unadhani umeelewa kila kitu, unasaini. Kwenye Kifaransa wana faida moja ambayo vijana wa mjini hawana. Mkubwa kwao anaamkiwa kwa wingi, Mwakeye, hata akiwa mmoja. Kwa hiyo nikifika kwenye vous, ile "nyinyi" ya heshima kwa mtu mmoja, Mwaha anatikisa kichwa tu, tunasonga mbele. Kijana wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, aliyekulia Kiswahili atamwita afisa wa forodha "tu", yaani "wewe" ya Kifaransa isiyo ya heshima, kwa nia njema kabisa, kisha ashangae kwa nini karatasi zake zinakaguliwa upya.

Mama wa dagaa aliniuliza itamchukua muda gani mpaka sikio likae sawa, maana mteja anapiga tena Ijumaa. Nikamwambia hatutasubiri sikio. Wasemaji wa Kifaransa huhesabu saa pia hadi ishirini na nne, na kumi na nne yao, quatorze, haifanani na douze hata kwa kiziwi. Tukafanya mazoezi ya sentensi moja, yeye mteja, mimi mteja, tukabadilishana, mpaka wenzake wakaanza kuisema naye.

Ijumaa alipigiwa tukiwa darasani. Akatoka mlangoni, mkono mmoja sikioni, sote tukanyamaza kumsikiliza.

"Quatorze heures?" Kimya. "Heure de Bujumbura?" Kimya kingine, halafu akacheka. "Haya, saa tisa ya kwetu. Na usinichelewe, baba, juzi nimeungua jua."