Rubani Binafsi: Mpango wa Safari Si Kibali

Malalamiko yanayofika kitengo chetu cha huduma za anga yameongezeka, na mengi yanafanana. Rubani binafsi ametakiwa kujieleza kwa kuingia anga inayodhibitiwa (eneo la anga ambalo ndege huongozwa na waongoza ndege) bila kibali, naye anashangaa kwa sababu "mpango wa safari niliuwasilisha." Tunaamini wengi wanasema kweli. Lakini tuelewane: mpango wa safari ni taarifa unayotupa wewe, kibali ni ruhusa anayokupa mwongoza ndege. Kuwa na kimoja si kuwa na kingine.

Madaraja ya anga, yaani makundi yanayotajwa kwa herufi kulingana na kiwango cha udhibiti, mnayajua, sitayarudia. Niseme tu kwamba kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), katika madaraja ya B, C na D hata anayeruka kwa kuona, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo, anahitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Kabla, si wakati anavuka. Ukiita ukajibiwa "subiri," hujaruhusiwa chochote. Zunguka nje hadi usikie maneno ya ruhusa. Waliosomea Marekani huja na desturi ya huko, ambako kwa C na D mawasiliano ya pande mbili yanatosha. Desturi hiyo iacheni huko huko.

Ukishapewa kibali, kirudie. "Roja" (nimepokea) haitoshi, na sijui tuliseme hili mara ngapi. Yanayorudiwa ni kibali chenyewe, njia ya kurukia inayotumika, kipimo cha altimita (chombo kinachoonyesha kimo), namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada), kimo, uelekeo na mwendo. Mwongozaji husikiliza ili akusahihishe pale uliposikia vibaya. Ukikaa kimya, umemnyima nafasi hiyo.

Kuhusu mpango wenyewe: uwasilishwe angalau dakika 60 kabla ya kuondoka, au ukiwa hewani, utufikie angalau dakika 10 kabla ya kufika pale unapotarajia kuingia anga inayodhibitiwa. Ukichelewa kuondoka zaidi ya dakika 30 kwa safari inayodhibitiwa, au saa nzima kwa isiyodhibitiwa yenye mpango, urekebishe, au uufute na kuwasilisha mwingine. Ukitua mahali pasipo na mnara, toa taarifa ya kuwasili. Dakika 30 baada ya muda uliokadiria kufika, bila habari zako, tunaingia hatua ya mashaka na simu zinaanza kupigwa. Mara nyingi mhusika hupatikana nyumbani, amelala.

Sasa adhabu. Kwanza tunaomba maelezo ya maandishi, kisha tunayalinganisha na kumbukumbu za rada na sauti za redio. Linaweza kufuata onyo, mtihani upya, faini, leseni kusimamishwa au kufutwa. Penye dalili za makusudi, jalada huenda kwa waendesha mashtaka. Anayejiripoti mapema kwa kawaida husikilizwa vizuri zaidi, ingawa hilo si ahadi. Makala haya hayachukui nafasi ya kanuni zenyewe.

Utetezi tunaousikia sana ni "nilikatiza pembeni tu, sekunde chache." Tarehe 31 Agosti 1986, ndege ndogo aina ya Piper yenye watu 3 iliingia bila kibali katika anga inayodhibitiwa ya Los Angeles, ikagongana na ndege ya abiria aina ya DC-9 ya shirika la Aeroméxico juu ya mji wa Cerritos. Walikufa watu 82, 15 kati yao wakiwa chini ardhini. Transponda ya Piper haikuwa ikituma kimo. Hakuna aliyeonyesha kwamba rubani yule alikusudia kuvunja sheria, na wengi wa tunaowaandikia barua hawakukusudia pia.

Hata kibali kina mipaka yake. Katika D, anayeruka kwa kuona hatenganishwi na wanaotumia vyombo. Anapewa taarifa za ndege zilizo karibu tu, kutazama nje ni kazi yake. Na kibali kisichokufaa, kwa mfano kinachokupeleka ndani ya mawingu, usikipokee kwa kuona haya: omba kingine.

Ukigundua umeshaingia bila ruhusa, usizime transponda. Wapo wanaofanya hivyo, na ndilo kosa linalotukasirisha kuliko lile la kwanza. Mwite mwongozaji wa eneo hilo, au tumia 121.5, masafa ya redio ya dharura, kama huna masafa yake, useme ulipo na kimo chako. Redio ikifa, weka 7600 kwenye transponda, namba ya kuonyesha kwamba mawasiliano yamekatika.